Kusomea uzamili wa uongozi wa mashirika ukiwa kazini: anza na tasnifu

Mtu akiniambia anataka kusomea uzamili wa uongozi wa mashirika, swali lake la kwanza huwa ni chuo gani. Mimi humwuliza: pale kazini kwako, ni jambo gani hutokea kila wiki na hakuna mkubwa anayeweza kueleza kwa nini linatokea? Kama hana jibu, namwomba asilipe karo kwanza.

Mimi ni muuguzi. Nasimamia wodi ya akina mama waliojifungua katika hospitali moja ya kaunti hapa Kisumu. Uzamili niliusomea mwishoni mwa wiki, siku nyingine nikiingia zamu kama kawaida. Siku hizi wauguzi wenzangu, walimu na watu wa sacco hunitafuta niwapitishie mapendekezo yao ya utafiti. Ninayoandika hapa ndiyo ninayowaambia kwenye chai.

Kwenye karatasi masomo haya ni ya miaka miwili: mwaka wa darasani, kisha mwaka wa utafiti na tasnifu. Mwaka wa kwanza si tatizo. Kuna ratiba, kuna mitihani, kuna kundi la WhatsApp linalokukumbusha kazi ya kuwasilisha Ijumaa. Mwaka wa pili hayo yote hunyamaza, unabaki na msimamizi mwenye wanafunzi wengine wengi na faili uliyoiita "sura ya kwanza mpya kabisa". Ingia ofisi yoyote ya kaunti kuanzia Bungoma hadi Nakuru, hutakosa mtu aliyemaliza kila kitu isipokuwa tasnifu, na mtoto aliyezaliwa wakati yeye yuko darasani sasa yuko gredi ya nne. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia mwisho.

Swali kabla ya chuo

Mada inayopendwa kuliko zote ni hii: athari za mitindo ya uongozi kwa utendaji wa wafanyakazi katika kaunti fulani. Badilisha jina la kaunti, umepata tasnifu mpya. Sikuzuii kuichagua, ila jua udhaifu wake. Unampa mtu hojaji, unamwuliza bosi wake anaongoza vipi, halafu kwenye karatasi hiyohiyo, dakika hiyohiyo, unamwuliza yeye mwenyewe anafanya kazi vizuri kiasi gani. Mwenye furaha siku hiyo atawasifu wote wawili. Aliyenyimwa likizo atajisifu mwenyewe na kumponda bosi. Na ni nani ataandika kwamba yeye ni mvivu? Uwiano utakaoupata utakuwa wa hali ya moyo ya watu asubuhi ile, wala hautakuwa wa uongozi.

Tafuta jambo lenye alama yake mahali pengine, mbali na maoni ya mhojiwa: daftari la kupokezana zamu, rekodi za likizo, idadi ya walioomba uhamisho, mikopo iliyochelewa kulipwa katika tawi moja la sacco na isichelewe katika tawi jingine lenye wanachama walewale. Mwalimu mmoja aliyenijia alitaka kuandika kuhusu "uongozi bora shuleni". Tukaongea mpaka likatoka lililokuwa linamkera: katika shule mbili jirani, moja walimu huingia darasani mwalimu mkuu akiwa mkutanoni, nyingine wanakaa kwenye jua. Hilo linapimika. Na lina mizizi mirefu, nitaifikia.

Eneo letu limejaa maswali ya namna hii. Kamati za usimamizi wa fuo za ziwa, kama pale Dunga, huchaguliwa na wavuvi na wafanyabiashara wa samaki wenyewe. Je, mwenyekiti anamkataza vipi mtu kutumia nyavu haramu ilhali kura yake anaitegemea? Kiwanda cha sukari cha Mumias kilifikia hatua ya benki iliyokuwa ikikidai kukiwekea meneja wake mwaka 2019. Nyuma ya habari ile kulikuwa na wakulima walioamua, mmoja mmoja, kung'oa miwa au kuiacha. Nini kiliwafanya waendelee kuamini au waache? Maswali haya hayaishi kwenye kitabu cha Marekani, na mtahini hajayasoma mara mia.

Chuo, basi

Shahada yenye jina hili hasa haipo kila mahali, na usilazimishe jina. Maswali yaleyale unaweza kuyafanyia kazi ndani ya uzamili wa usimamizi wa biashara, uongozi na utawala, usimamizi wa elimu au usimamizi wa mifumo ya afya. Kilicho muhimu ni kwamba programu yenyewe iwe imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Angalia programu, usitosheke na jina la chuo: chuo kinaweza kuwa na hati yake halali huku kozi unayouziwa ikiwa bado haijapitishwa.

Kijiografia hatuna shida. Maseno kampasi kuu iko kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, pale ikweta inapokata, na ina kampasi mjini Kisumu. Kakamega kuna Masinde Muliro, Bungoma kuna Kibabii, Bondo kuna Jaramogi Oginga Odinga. Aliye Nakuru ana Egerton kule Njoro, na tawi lake la mjini, na Kabarak iliyo kama kilomita 20 kutoka mjini kwenye njia ya Eldama Ravine. Ukikaa Kisumu usijidanganye kwamba utasoma ndani ya matatu ukienda darasani Kakamega. Anayesema husoma humo, mwulize amesoma nini.

Kabla ya kujaza fomu fanya mambo matatu. Kwanza, fungua hazina ya tasnifu ya chuo hicho kwenye intaneti, usome mbili za idara yako zilizokamilika hivi karibuni. Zisome zote, mpaka viambatisho. Zitakuonyesha idara inakubali nini na inadai nini kuliko brosha yoyote. Pili, piga simu kwa katibu wa idara, umwulize kwa heshima mapendekezo ya utafiti husikilizwa mara ngapi kwa muhula. Idara inayokaa mara moja kwa mwaka itakula mwaka wako. Tatu, uliza gharama yote hadi kuvaa joho: karo, usimamizi, mtihani wa tasnifu, mahafali. Karo ya muhula peke yake haikuambii kitu.

Sifa za kuingia: vyuo vingi hudai daraja la pili la juu katika shahada ya kwanza, au daraja la pili la chini pamoja na miaka ya kazi. Muuguzi mwenye diploma, hata kama una miaka 20 wodini, itabidi upate shahada ya kwanza kwanza. Najua inauma.

Hapa niseme neno ambalo watu hawapendi. Kama unachotaka ni kupanda cheo tu, nenda ofisi ya rasilimali watu uulize muundo wa utumishi wa kada yako unadai nini. Nafasi nyingi za serikali zinadai kozi za Kenya School of Government: ile ya usimamizi wa ngazi ya juu ya wiki 4, au ile ya uongozi wa kimkakati ya wiki 6. Hizo si shahada, ni nafuu, na huenda ndizo unazohitaji. Uzamili ni kwa yule ambaye swali limemganda.

Fedha sitazikalia. HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, wana mkopo wa wanafunzi wa uzamili walio kazini. Sacco yako itakukopesha pia, na kwa watu wengi ndiyo njia ya haraka zaidi. Lipa kwa muhula, usiache kazi, na ukipewa ruhusa ya masomo na mwajiri soma vizuri masharti ya kumtumikia baadaye kabla ya kutia sahihi.

Namna ya kusoma nadharia

Mwaka wa darasani utakutana na majina mengi. Wengi huyakariri kwa mpangilio wa miaka na kuyatapika kwenye mtihani. Mimi nawaambia watu: kila nadharia iingize wodini, au shuleni, au sokoni, uone kama inasimama.

Chukua Kurt Lewin na wenzake Lippitt na White, mwaka 1939. Waliwagawa wavulana wa umri wa miaka 10 hivi katika vikundi vya kazi za mikono, kila kikundi kikipokezana viongozi wa aina tofauti: wa amri, wa kushauriana, na wa kuwaacha wajifanyie watakavyo. Mwanafunzi hukariri mitindo mitatu na kuendelea. Kisa chenyewe kiko mbele kidogo: kiongozi wa amri alipotoka chumbani, kazi ilishuka sana, wa kushauriana alipotoka, vijana waliendelea karibu kama kawaida. Sasa mkumbuke yule mwalimu na shule zake mbili. Mimi nilifikiria saa kumi na moja jioni, wakati mkuu wa wodi, inchaji kama tunavyomwita, anaposhika mkoba wake kwenda nyumbani.

Au mchukue Amy Edmondson, ambaye miaka ya 1990 alichunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali huko Marekani. Alitarajia timu bora ziwe na makosa machache. Takwimu zilimgeuka: timu zilizokuwa na uongozi mzuri ndizo zilizoonyesha makosa mengi zaidi. Hazikuwa zikikosea zaidi. Watu wake hawakuogopa kusema. Makala yake ya mwaka 1999 ndiyo iliyoeneza wazo la usalama wa kisaikolojia ndani ya timu. Niliposoma hayo nilikwenda moja kwa moja kwenye madaftari yetu, nikaanza kuyatazama kwa jicho jingine yale ambayo mwezi mzima hayana kosa hata moja. Tasnifu yangu ilitoka pale: kwa nini chini ya inchaji mmoja wauguzi huandika kwamba dawa ilikaribia kumpata mgonjwa asiye wake, na chini ya mwingine hawaandiki kitu.

Kuna nadharia zitakazogoma kuingia, na hizo ndizo zenye mali. James MacGregor Burns, mwaka 1978, akiandika kuhusu viongozi wa siasa, alitofautisha kiongozi anayebadilishana na wafuasi wake, nipe nikupe, na yule anayewainua wakaona mbali zaidi. Bernard Bass akaileta fikra hiyo katika mashirika mwaka 1985, na hojaji iliyotokana na kazi yake inatumiwa na wanafunzi kila pembe ya dunia. Sehemu moja ya hojaji hiyo hupima kama kiongozi huwatuza wanaofanya vizuri. Haya, mpime inchaji wa wodi hapa kwetu. Tangu huduma za afya zihamie kwa kaunti mwaka 2013, anayeajiri ni bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, mshahara unatoka kwenye hazina ya kaunti, uhamisho unaamuliwa makao makuu. Inchaji hana tuzo wala adhabu mkononi. Wauguzi walipogoma nchi nzima kuanzia Juni hadi Novemba 2017, hakuwa na la kumpa mtu wala la kumnyima. Akipata alama ndogo kwenye sehemu ya tuzo, umepima uongozi wake au umepima ugatuzi? Ukiweza kuandika kurasa tatu juu ya jambo kama hilo, una mapitio ya maandishi ambayo mtahini atayasoma bila kusinzia. Na usisahau maandishi ya hapa: Sura ya Sita ya Katiba ya 2010 inahusu uongozi na maadili, na ni ajabu jinsi tasnifu za uongozi zinavyoandikwa Kenya bila kuigusa.

Kwa kila makala unayosoma andika nusu ukurasa: waliuliza nini, waliwauliza akina nani, walipima kwa kitu gani, na ni kitu gani hapa kwetu kingeipinga. Weka marejeo yako kwenye Zotero, programu ya kutunzia marejeo, tangu siku ya kwanza, ni ya bure. Programu za akili unde zitakusaidia kunyoosha sentensi, ila zikikupa marejeo yatafute moja moja, kwa sababu zinaweza kukutungia makala ambayo haijawahi kuandikwa, na aibu itakuwa yako mbele ya jopo la watahini.

Pendekezo na vibali

Pendekezo ni sura tatu: utangulizi, mapitio, mbinu. Watu huanguka kwenye ya tatu.

Suala la sampuli huwatisha bure. Fomula ya Yamane ni rahisi: gawanya idadi ya watu wako kwa moja ongeza idadi hiyo ikizidishwa na kipeo cha pili cha kiwango cha makosa. Wakiwa 400, kwa asilimia 5, unapata 200. Lakini nimeona mtu mwenye wauguzi 60 akikokotoa na kupata 53, halafu akakaa usiku kucha akiwaza atawaacha vipi wale 7. Waulize wote. Watu wachache hawahitaji sampuli.

Hojaji ya watu wengine usiichukue kwenye kiambatisho cha tasnifu ya mwenzako. Ile inayotokana na kazi ya Bass inauzwa na ina mwenyewe. Omba ruhusa au tafuta nyingine iliyo huru. Ijaribu kwanza kwa watu wachache mahali ambapo hutafanyia utafiti. Wataalamu wa takwimu watakuuliza alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha jinsi maswali ya hojaji yanavyokubaliana, na wengi huridhika ikifika 0.7. Mahojiano yafanye kwa lugha ya chumba cha chai. Ukimhoji muuguzi kwa Kiingereza atakupa majibu ya warsha. Kwa Kiswahili au Dholuo atakuambia lililotokea.

Usiwafanyie utafiti walio chini yako. Ninaposimama mbele ya muuguzi ambaye mimi ndiye nampangia zamu na kumwambia "una uhuru wa kukataa", huo uhuru hana. Nenda hospitali jirani, au mpe mtu mwingine akusanye bila majina. Kumbuka pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Orodha ya wafanyakazi yenye namba za simu haikai kwenye simu yako ikipitapita.

Vibali vina mpangilio wake na ukiuvuruga utarudishwa nyuma: idara na shule ya uzamili kwanza, kisha kamati ya maadili ya utafiti, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, inayoombwa mtandaoni, kisha kaunti, mwisho mkuu wa taasisi yenyewe. Barua zote zitembee nawe, nakala zilizochapishwa. Mlinzi wa getini hafungui PDF.

Msimamizi wako

Usimtumie sura nzima ukisema "naomba maoni". Mtumie sura pamoja na maswali mawili au matatu unayotaka akujibu, ukitaja kurasa. Mkikutana, jioni hiyohiyo mwandikie mliyokubaliana, ili miezi mitatu baadaye asikukatalie kitu alichokubali. Akinyamaza, mkumbushe bila kulalamika:

"Habari za asubuhi, Daktari. Sura ya tatu nilikutumia tarehe 4. Ningependa kusikia kutoka kwako hasa kuhusu sehemu ya sampuli, ukurasa wa 38, kabla idara haijakaa mwisho wa mwezi. Niko tayari kuja ofisini siku yoyote baada ya saa nane. Asante sana."

Tarehe ya kikao cha idara ndiyo inayofanya kazi hapo. Asipojibu tena, mwone katibu wa idara, maana yeye ndiye anajua Daktari yuko wapi na anarudi lini.

Kwenye uchambuzi usitafute makubwa. Ukiwa na watu 60, majedwali safi na mahojiano yaliyosomwa kwa makini yanatosha. Hesabu za kutisha hazitaongeza watu. Programu ya takwimu ya SPSS ni ghali, lakini R na jamovi ni za bure. Kumlipa mtu akufundishe kuzitumia, sawa kabisa. Kumlipa akuchambulie na kukuandikia sura ya nne, ya matokeo, ni kujitega, kwa sababu jopo halitamwuliza yeye. Litakuuliza wewe: kwa nini hawa na si wale? Ni matokeo gani yangekuonyesha kwamba ulikosea? Jibu la swali hilo la pili liandae kwa maneno yako, ulijaribu kwa rafiki asiye wa fani yako. Ukiulizwa usilolijua sema "hilo sikulipima, Profesa" na unyamaze. Wanaoanguka ni wale wanaoendelea kuongea.

Ukishatetea tasnifu utapewa orodha ya marekebisho na muda wa kuyafanya. Yafanye wiki hiyohiyo, kila moja ukiandika umelirekebisha ukurasa gani. Vyuo kadhaa hudai makala iliyochapishwa kwenye jarida linalopitiwa na wataalamu. Uliza mapema, na ukikuta jarida linaloahidi kukuchapisha ndani ya siku chache mradi ulipe, likimbie. Iandikie hospitali uliyofanyia utafiti kurasa mbili za matokeo kwa lugha nyepesi, uzipeleke mwenyewe kwa mkuu wa wauguzi. Kisha pitia fedha na maktaba upate sahihi za kutodaiwa, kwa sababu orodha ya mahafali hufungwa wiki nyingi kabla ya siku yenyewe, na faini ya kitabu kimoja cha maktaba inatosha kukuondoa humo.